Vibanio vya Mama

Tangu aanze kuishi kama mwanamke, miaka kumi na saba iliyopita, Xiomara, dereva wa tramu San Francisco, alishusha nywele hadi kwenye nyusi kuficha paji la kiume alilorithi kwa baba, mfupa umechomoza kama ukingo wa dirisha. Na kila Krismasi mama yake alimpa vibanio vya nywele. Xiomara aliona anasimangwa kwa lile paji. Alivitupa vyote, mwishowe akasusa hata kwenda kwao kula nakatamali za sikukuu.

Mama alifariki Machi. Juni daktari akausaga ule mfupa, paji likawa laini. Bandeji zilipofunguliwa, dada yake Griselda aliduwaa.

"Umekuwa mama mtupu! Na alivyokuwa akihangaika madukani na vibanio vyako! Nikimwambia huvivai, ananifokea, 'Nyamaza wewe! Siku akiupata uso wake, asikose cha kubania.'"

"Nilidhani ananicheka."

"Uliwahi kumwuliza, mdogo wangu?"

Hakuwahi.

Nesi alikuwa ameagiza nywele zibanwe nyuma, zisiguse mshono. Walipofika nyumbani kwa Xiomara wakapekua kila droo. Hakikuwepo kibanio hata kimoja.