Mashine ilimziba marehemu mwanya, Nyanjige akaurudisha

Jua la asubuhi limeanza kuchoma mabati ya soko la Bariadi, na Nyanjige Masalu amekwisha kukasirika. Yuko ndani ya kibanda chake cha kutengeneza ving'amuzi, bisibisi imechomekwa kwenye nywele, na kidole kinaigonga picha iliyo mezani.

"Huyu si mtu! Huyu katungwa!" anafoka. "Mtu anakuletea msiba wake, wewe unampachika mdomo wa kutunga. Hata aibu huoni?"

Anayefokewa hayupo. Ni Januarius, mwenye studio ya picha mtaa wa pili. Aliyepo ni Mboje, mkulima wa pamba kutoka Ipililo wilayani Maswa, ameketi kwenye benchi na binti yake Jenifer. Alipoingia alivua kofia akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na tangu hapo hajapata nafasi ya kusema neno jingine.

Picha ni ya mke wake, marehemu Elizabeth. Ile ya asili, iliyo kwenye simu, ndiyo pekee inayoonyesha uso wake. Jumamosi hii familia inaweka msalaba kaburini, na kwenye msalaba huo kutabandikwa kigae chenye picha yake. Jenifer alikuwa bado ananyonya wakati mama yake alipofariki, hivyo uso wa kwenye kigae ndio atakaokua nao akiuita mama.

Balaa lilianzia kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Wakati wa kuvuna pamba, Mboje aliipeleka kadi dukani akaingiziwe nyimbo, kama wafanyavyo wengi vijijini huko. Kadi ikachomolewa kabla kazi haijaisha, faili zikavurugika, na nyimbo zikakalia sehemu ya picha. Alipoifungua aliona kitambaa cha kichwani, paji la uso na macho. Chini ya hapo zilikuwa rangi za kijani na zambarau zilizotapakaa ovyo.

"Nilidhani simu imechoka," anasema Mboje. "Nikaizima, nikaiwasha. Mama Jenifer hakurudi."

Ndipo akaenda kwa Januarius, ambaye aliipa kompyuta nusu ya juu na kuiamuru ijaze nusu ya chini. Elizabeth akatoka anang'aa, midomo laini, meno yamebanana hayapitishi hata uzi.

Kumbe Elizabeth alikuwa na mwanya! Mwanya mpana wa mbele, ule ambao Mboje anasema ndio uliomfanya atoe ng'ombe bila kubishana na wakwe. Urembo mzima wa mwanamke, mashine imeuziba kana kwamba ni ufa wa ukuta.

Nilipomfuata Januarius, hakuonyesha kujuta. "Ndugu wa marehemu waliiona wakalia kwa furaha," alisema. "Niwanyime wafiwa faraja? Na huo mwanya mimi ningeujuaje?"

Nyanjige aliposimuliwa jibu hilo alipiga meza. "Hakuujua, sawa. Si angenyamaza!"

Hasira za fundi huyu zina sababu, maana anajua picha inavyohifadhiwa. Picha ya simu hubanwa ili iwe nyepesi. Kile kinachojirudia sana hupewa alama fupi, kinachotokea kwa nadra hupewa ndefu, na alama zote hufuatana bila nafasi katikati. Ili ujue alama moja inaanzia wapi, sharti ujue iliyoitangulia imeishia wapi. Ikiharibika alama moja ya safu hiyo, zote zinazofuata husomwa vibaya, ingawa zenyewe ni nzima.

"Watu wanaona rangi zimevurugika, wanasema picha imekufa," anasema. "Imekufa nini? Inasomwa vibaya! Mtu akiwa hai utamzika kwa sababu humsikii vizuri?"

Kazi ya kuisoma upya anaifanyia kwenye bodi ndogo yenye prosesa ya kuchakata mawimbi ya picha na sauti, jamii ya zile zinazokaa ndani ya ving'amuzi. Alijifunza kuipangia programu alipokuwa chuo cha ufundi. Prosesa inachungulia kipande, inakilinganisha na jedwali la alama, jedwali linaiambia alama hiyo ina urefu gani, nayo inasogea urefu huo tu na kuchungulia tena. Ikikwama haikati tamaa. Inasogea kidogo kabisa, inajaribu upya, mpaka alama zieleweke.

Leo imekwama mara nyingi, na kila ikikwama Nyanjige anasonya. Hatimaye mistari inaanza kutulia kutokea chini: shanga, shingo, kidevu. Halafu mdomo unaocheka, na katikati yake mwanya.

Mboje anasimama.

Ila uso umetoka wa buluu. Kila kipande cha picha hutaja rangi yake kwa kujipima na kilichotangulia, na cha kutangulia kimepotea. Nyanjige anatafuta ushahidi wa rangi halisi. Elizabeth alishona gauni na kitambaa cha kichwani kwa kitenge kimoja, kama wavaavyo akina mama siku ya Pasaka. Fundi anasogeza rangi za chini taratibu mpaka kitenge cha begani kikubaliane na cha kichwani, na ngozi inarudi ya mtu.

Penye pua unabaki mkanda wa kijivu.

"Hapo pamekaliwa na nyimbo, hakuna kitu," anamwambia Mboje, sauti imeshuka. "Pua yake siijui, baba. Nisichokijua sikitungi."

Mboje anakiri kwamba nyumbani kuna ubishi. Shemeji zake wanaitaka ile ya studio. Wanasema kaburi la dada yao haliwezi kuwekewa uso uliokatika, wageni watacheka.

"Wacheke!" Hasira za Nyanjige zinapanda tena. "Wanataka kumsalia mwanamke wasiyemjua?"

Muda wote huo Jenifer amekaa na kiganja mdomoni. Baba yake anaeleza kwamba ndivyo anavyocheka siku hizi, amejifunika, kwa sababu wenzake shuleni wanamtania meno. Aliwahi kuuliza ameyatoa wapi, maana mama wa kwenye picha ya studio hana kama hayo, na shangazi akamjibu kwamba labda ameokotwa. Ulikuwa utani, lakini mtoto hakuucheka.

Sasa anasogea mpaka pua inagusa skrini. Anatia ncha ya ulimi katikati ya meno yake ya mbele, anaangalia, anaitia tena.

"Baba, huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Yule mwingine nani?"

Mboje anafuta macho kwa kofia. "Mayu, chapa hii," anamwambia fundi. "Na mkanda wake wa kijivu hivyo hivyo. Shemeji nitazungumza nao mwenyewe."

Nyanjige ana mpango wa kuwazungukia wauza nyimbo wa Bariadi, Maswa na Busega, awafundishe kunakili picha za mteja kabla hawajagusa kadi yake. Anasema atawafundisha kwa upole, na majirani zake sokoni wanacheka wakisikia neno upole.

Lakini hilo ni la wiki ijayo. Kwanza Jumamosi anakwenda Ipililo kuona kigae kipi kimebandikwa.

"Nikimkuta yule wa mashine, namng'oa mbele ya watu wote," anasema, na anaichomoa bisibisi kwenye nywele. "Nakwenda nayo."