Kidole Gumba cha Elspa

Elspa hakujua kushika mkono wa mtu ukatulia. Ukimpa mkono wako, awe anakusalimu mlangoni pa kanisa au anakupa pole ya msiba, kidole gumba chake kiliingia katikati ya kiganja chako na kuanza kazi: kilibonyeza mara moja, kikabonyeza mara mbili, kikatulia, kisha kikakwaruza kidogo kwa ukucha. Mchungaji mgeni aliyeletwa kutoka kisiwa kikuu aliondoka siku yake ya kwanza akikitazama kiganja chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Usijali, Mchungaji," Dánjal, nahodha wa mashua, alimwambia. "Huyo anakamua ng'ombe tangu ana miaka sita. Ukikaa naye sana utatoa maziwa."

Watu wa Hamravík walicheka, na Elspa akacheka nao. Kicheko chake kilikuwa kama mlio wa shakwe, kwa sababu dondakoo ilimshika utotoni ikamwachia uhai na kuondoka na sauti. Aliweza kuongea kwa kukwaruza. Kuimba hakuweza kabisa.

Hakuolewa. Aliishi katika nyumba ya chini, karibu na kijito, na ng'ombe mmoja, kondoo wake kumi na wawili, na sindano za kufumia ambazo hazikulala. Nyumba ya juu ilikuwa ya kaka yake Hanus, na Hanus ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kijiji. Kila Jumatatu ya kuingia Kwaresima, watu walipokamatana mikono na kufanya duara katika ukumbi, yeye ndiye aliyeanza, naye ndiye aliyewafikisha mwisho. Utenzi wa Hergeir una beti mia mbili na kumi na mbili. Hauna ngoma wala zumari. Una sauti za watu na sakafu ya mbao, hatua mbili kushoto, moja kulia, mpaka vumbi linanyanyuka kwenye nyufa.

Utenzi huo ulikuwa mali ya Hamravík. Vijiji vingine vilikuwa na tenzi zao, na hakuna aliyeimba wa mwenzake, kama ambavyo huwezi kupeleka kondoo wako kwenye mlima usio wako. Tena kulikuwa na desturi: mwimbishaji, kabla ya kutoa ubeti wa kwanza, alisema utenzi kaupokea kwa nani. Hanus kila mwaka alisema maneno yale yale, "Nimeupokea kwa mama yangu, Sigga," kisha akanyanyua mguu wa kushoto.

Binti yake pekee, Marjun, alikuwa mwalimu wa shule ya watoto kumi na mmoja. Alikuwa amefika miaka thelathini na mbili, mtu wa maneno machache, aliyesomea ualimu mjini akarudi. Toka utotoni, kila Hergeir, shujaa wa utenzi, alipolipiga zimwi pangoni, Marjun aliona mabega ya baba yake. Ulvar, ndugu wa Hergeir wa kunyonya ziwa moja, alipoikata mishipi ya tandiko ili Hergeir aanguke vitani, Marjun alimtazama baba yake kwa hofu, kana kwamba ni yeye atakayeanguka.

Hanus alikufa Oktoba, mwezi wa kuchinja kondoo, kitandani mwake. Kwenye matanga watu walikula supu, wakanong'onezana kwamba Hergeir naye amezikwa.

Marjun hakukubali kufiwa mara mbili. Alichukua daftari la shule akaenda nyumba kwa nyumba. Hakuna kilichowahi kuandikwa. Hanus alikuwa akisema kuandika utenzi ni kumfungia kondoo kabatini. Marjun aligundua kwamba beti watu wanazijua. Huyu alimpa kumi, yule ishirini, mke wa mwenye duka akampa zote za binti wa mfalme anayedarizi dirishani. Kufikia Krismasi alikuwa na beti karibu mia mbili. Lakini zilikuwa kama mawe ya ukuta uliobomoka: mawe yote yapo, na hakuna anayekumbuka lipi lilikaa juu ya lipi.

Akashuka nyumba ya chini.

"Shangazi, wewe ndiye uliyecheza kando ya baba miaka yote. Ubeti wa Ulvar kunoa kisu unakuja kabla ya mto au baada yake?"

Elspa hakunyanyua macho kutoka kwenye soksi. "Mimi sina sauti, mwanangu. Waulize wenye sauti."

"Sikuulizi sauti. Nauliza mpangilio."

"Umekula? Kuna viazi."

Marjun alirudi kwake. Alimwona shangazi yake mgumu kuliko alivyomjua.

Jumatatu ile ikafika. Watu wa kijiji cha ng'ambo ya mlima walikuja na mwimbishaji wao, mzee mnene wa mashavu mekundu, wamekuja kucheza, lakini zaidi wamekuja kuona. Dánjal alijitolea kuongoza. Duara likafungwa, Marjun akajikuta ameshika mkono wa Elspa. Beti arobaini zilikwenda vizuri. Kisha Dánjal akamketisha Ulvar mezani kwa mfalme akinywa na kujisifu, wakati Ulvar bado hajaletwa nyumbani kwa kina Hergeir.

"Kumbe kasaliti kabla hajazaliwa!" mgeni mmoja alipiga kelele. "Mtoto mwenye bidii huyo!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Dánjal akajaribu ubeti mwingine, akaukata katikati. Akanyamaza. Miguu ikaendelea peke yake, mbili kushoto, moja kulia, bila neno. Hakuna aibu inayozidi hiyo, duara bubu. Na kusimama hakuwezekani, kwa sababu shujaa aliyeanzishiwa safari hawezi kuachwa njiani. Yule mzee wa mashavu mekundu akavuta pumzi. Kama angeanzisha utenzi wao, Hergeir angeishia hapo, mwaka huo na miaka yote.

Ndipo Marjun alipohisi kiganjani mwake kidole gumba kikibonyeza. Mara moja, kwa nguvu. Kikasubiri. Kikabonyeza tena mara moja, kwa nguvu zaidi, karibu kwa hasira.

Alimtazama shangazi yake. Elspa alikuwa akitazama mbele, midomo imefungwa.

Mara moja. Mtu wa kwanza, shujaa mwenyewe. Na jina lilimtoka Marjun kinywani kabla hajafikiri: "Hergeir..." Jina likavuta ubeti wake kama ndoana inavyovuta mshipi, Hergeir akitandika farasi asubuhi, na duara zima likakipokea kiitikio kwa kishindo. Kidole kikabonyeza mara mbili. Ulvar! Ulvar akija mlangoni, mtoto wa watu, ameloa mvua. Kikapita taratibu kama uzi kwenye kitambaa: binti wa mfalme. Kikakwaruza kwa ukucha: zimwi. Sauti ya Marjun ilitetemeka hadi ubeti wa themanini, kisha ikaacha kutetemeka.

Walipofika pangoni, mkono wa Elspa ulifanya jambo jingine. Haukubonyeza. Uliubana mkono wake wote, ukatulia hivyo. Marjun alipepesuka nusu hatua, kisha akakumbuka: nje ya pango kuna mtu asiye na jina, amemshikia shujaa farasi siku tatu mvuani. Beti tatu tu anazo. Akaziimba.

Hergeir alikufa kando ya kijito, ubeti wa mia mbili na kumi na mbili, na wageni wakavua kofia. Dánjal alimkumbatia Marjun. "Damu ya Hanus hiyo!" alisema. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Marjun alimtafuta shangazi yake kwa macho. Alikuwa ameshaondoka.

Asubuhi alimkuta akichuja maziwa.

"Miaka mingapi, shangazi?"

Elspa aliweka ndoo chini. "Thelathini na saba."

"Baba alikuwa hajui?"

"Alijua alichopaswa kujua." Alijifuta mikono. "Kaa. Ukinisimamia hivyo unanifanya nijione mwizi."

Akamweleza. Hanus akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye uvuvi wa Aisilandi, mti wa tanga ulimpiga kichwani. Alilala wiki tatu. Aliporudi alikuwa anakumbuka kila kitu, ila si kwa mpangilio. Alivaa koti la mvua kisha akavaa sweta juu yake. Mwaka huo duarani alikwama ubeti wa kumi. Elspa, msichana wa miaka kumi na saba asiye na sauti, alikuwa ameshika mkono wake. Mama yao aliwafundisha wote wawili.

"Nikambonyeza. Akaelewa, sijui vipi. Huhitaji kumwambia mtu maneno, Marjun. Mwambie tu ni nani anayeingia. Akishaingia, maneno yake anakuja nayo."

Kilichomuuma Marjun alikijua, na aliona haya kukitaja. "Kwa hiyo mabega yote yale niliyokuwa nikiyatazama," alisema mwishoni, "ni wewe uliyemfanya shujaa."

"Acha ujinga!" Sauti ya Elspa ilikwaruza kama mlango mbovu. "Unadhani nilimbeba? Yeye ndiye aliyenibeba. Mtoto asiyeweza kuimba kwenye kijiji hiki ni nani? Ni benchi. Na kaka yangu akawa koo langu miaka thelathini na saba. Kila asubuhi ya Jumanne alishuka hapa, hasemi neno, ananipasulia kuni, anasafisha zizi, anakunywa kahawa yake, anaondoka. Mimi naketi hapo ulipoketi, najiuliza nimefanya nini nipewe hivi."

"Na mimi nilipokuja kukuuliza, ulininyima."

"Ningekujibu ungejua. Nilitaka umzike na ushujaa wake wote."

Marjun aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kusafisha zizi. Ilikuwa Jumanne.

Mwaka ule walitembea pamoja. Kiangazi walipanda mlimani kukamua, ndoo mgongoni, mikono imeshikana kama wasichana. Walipokusanya majani ya kukausha, walikusanya na beti. Daftari lilibaki kabatini. Marjun alijifunza kwamba kuna watu sita tu katika utenzi mzima, na kwamba hao sita wanatosha. Alijifunza pia kwamba baba yake kila mwaka alitaka kumruka yule mshika farasi, kwa kuwa watu wamechoka pale na wanataka zimwi lipigwe, na kila mwaka Elspa aliubana mkono wake, hauachi mpaka amwimbe.

Januari kifua cha Elspa kikajaa maji. Jumatatu ya kuingia Kwaresima ilipofika, hakuweza kuinuka kitandani.

Marjun alisimama katikati ya ukumbi. Wageni walikuwepo, na mzee wao wa mashavu mekundu. Alisema, "Utenzi huu nimeupokea kwa baba yangu, Hanus." Watu wakaanza kunyanyua mguu. "Subirini. Na kutoka kwenye mkono wa Elspa, dada yake, aliyempa baba yangu kila ubeti, duarani, miaka thelathini na saba, na mwaka jana akanipa mimi mbele yenu, nanyi hamkuona."

Watu, mmoja baada ya mwingine, wakatazama viganja vyao. Maana nani pale hakuwahi kubonyezwa?

Asubuhi ya Jumanne alishuka nyumba ya chini. Njiani aliona moshi tayari unatoka, na mlangoni akakuta kuni zimepasuliwa na kupangwa hadi dirishani, si mzigo wa mtu mmoja. Kwenye ngazi kulikuwa na paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo, limefungwa kwa kamba ya mashua.

Elspa aliegemea mito, macho makubwa kuliko jana. "Nani hao waliokuwa wanagonga mashoka tangu alfajiri? Mgonjwa halali?"

"Wanakushukuru, shangazi. Nimewaambia."

"Umewaambia?" Alivuta blanketi hadi kidevuni, na Marjun akaogopa kwamba amekosea. "Mbele ya Dánjal?"

"Mbele ya Dánjal."

"Akasemaje?"

"Alikaa kwenye benchi, mwekundu kama kaa. Akasema, 'Kumbe alikuwa anamwimbia Hergeir! Mimi mwaka ule nilidhani ananitaka.'"

Elspa alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Marjun akamshika mabega. "Alikuja kuniposa," alisema alipopata pumzi. "Na paja la kondoo. Nikamwambia sina nafasi, nina mtu vitani. Maskini, alidhani ni baharia."

"Lipo mlangoni. Paja."

"Si lile lile, natumaini."

Wakacheka tena, polepole. Kisha Elspa akauliza, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi: "Na mshika farasi? Ulimruka?"

"Sikumruka. Zote tatu."

Aliitikia kwa kichwa na kufumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, naye hakuyafuta. Nje bado kulikuwa na mtu akipanga kuni, kwa uangalifu, asipige kelele. Marjun aliuchukua mkono wa shangazi yake, mwepesi kama glavu tupu, na kwa kutojua afanye nini kingine akaanza kubonyeza kiganja kwa kidole chake gumba: mara moja, kisha mara mbili.

"Usibonyeze, mwanangu," Elspa alisema. "Shika tu."