Mwalimu wa Kuinua Mifuko

Kila asubuhi, kabla ya chai, Majaliwa alisimama katikati ya chumba, fulana ameipandisha hadi kifuani, na mkewe Chiku akamfunga kanga kiunoni. Hakuwa anamfunga kwa mapambo. Aliweka goti mgongoni mwa mumewe, akavuta ncha zote mbili kwa nguvu, kisha akauliza, "Imeshika, Baba Raudha?" Majaliwa alijibu imeshika, hata siku ambazo haikushika. Juu ya kanga akashusha fulana, juu ya fulana akavaa shati, akaenda kazini akiwa mzima machoni pa watu.

Miaka hamsini na moja si uzee wa kutisha, lakini mtu huyu alikuwa amechoka. Ujana wake aliumalizia kwenye machimbo ya Geita akipandisha viroba vya mawe ya dhahabu, kisha akahamia Kahama kushusha saruji. Hapo wakambandika jina la Winchi. Lori likifika, wenzake walijitwika mfuko mmoja mmoja, yeye miwili, kilo mia nzima shingoni, huku anapiga mluzi. Waliwekeana dau la kreti ya soda, na soda akainywa yeye. Sifa ile ilikuwa tamu, tusidanganyane. Hakuna aliyemwambia aache, na angeambiwa asingesikia.

Mgongo uligoma miaka mitatu iliyopita, siku alipoinama kuokota kijiko. Ndiyo, kijiko. Alikaa sakafuni mpaka adhuhuri. Daktari alimwonyesha kwenye picha pingili mbili za chini zilivyoharibika, akamwambia asibebe tena mzigo mzito. Majaliwa akashukuru, akapumzika wiki mbili, akarudi kubeba, maana hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Sasa alikuwa kwenye ujenzi wa maghala, barabara ya kwenda Buzwagi. Pale mlangoni waliuliza kila mtu kama ana maumivu ya mgongo, na mwenye nayo hakuandikishwa. Majaliwa alisema hana.

Lililomponza ni kusifiwa. Selestine, ofisa usalama, alikuwa kijana mpole aliyehangaika kufundisha watu wasiotaka kufundishwa. Wiki ya kwanza alimwona Majaliwa akiusogelea mfuko wa misumari mpaka ukawa katikati ya miguu yake. Mzee akachuchumaa, akaukumbatia kifuani, akanyanyuka kwa nguvu za mapaja huku mgongo umenyooka kama ubao. Alipotaka kugeuka hakuzungusha kiuno, aligeuza miguu.

"Jamani, njooni mwone!" Selestine alipaza sauti. "Hivi ndivyo ninavyowaambia kila siku! Nani alikufundisha, mzee wangu?"

"Uzoefu tu, ofisa," alijibu Majaliwa, na moyoni akatamani ardhi immeze. Hakuwa anafuata somo lolote. Aliinua vile kwa sababu namna nyingine yoyote ingemwangusha chini akipiga kelele.

Basi ikawa kila asubuhi anaitwa mbele ya kikosi. Achuchumae, ainue, ashushe, arudie kwa ajili ya waliosimama nyuma. "Polepole, mzee, waone magoti," Selestine alisema, na hiyo polepole ndiyo iliyommaliza. Somo likiisha, alikuwa hoi, na kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Siku hiyo lori la saruji lilifika mapema. Sheria ya pale ilikuwa mfuko mmoja wa saruji, watu wawili. Ngusa, mtu wa Samuye mwenye mabega mapana na miaka ishirini na sita, alicheka.

"Watu wawili mfuko mmoja? Yaya, hapana! Kwetu tutachekwa," alisema. "Niwekeeni miwili. Kreti ya soda, nani anabisha?"

Wenzake wakashangilia. Ngusa akainama, miguu imenyooka, kiuno kimepinda, akautupia mfuko wa kwanza begani na kusubiri wa pili. Alikuwa anapiga mluzi.

"Ngusa, shusha!" alisema Selestine. "Kwa nini usimwige mzee Majaliwa? Mzee, hebu waonyeshe tena."

Majaliwa alitoka mbele, akausogelea mfuko wake wa somo, akachuchumaa. Akabaki hapo hapo. Mluzi ule ulimkera na kumhuzunisha, kwa sababu aliujua. Akajikokota akasimama mikono mitupu, akafungua shati, akapandisha fulana.

Kelele zikakoma. Kanga ilikuwa imemzama kwenye nyama, imelowa jasho.

"Sikufundishwa na mtu," alisema. "Nilikuwa nabeba miwili kama wewe, Ngusa. Na soda nilikunywa. Sasa mke wangu ndiye ananivalisha soksi."

Selestine akamsogelea. "Kwa nini hukusema siku ile ya kuandikishwa?"

"Ningesema, ungeniandika?"

Ofisa akamshushia fulana. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuanzia leo hawezi kumruhusu kubeba, kwamba atamwombea foromani nafasi ya mlinzi wa stoo, ila asiweke matumaini sana. Majaliwa akaitikia. Alikuwa ameshalijua hilo kabla hajagusa kifungo cha shati.

Ngusa alikuwa bado na mfuko begani. Akaushusha taratibu. "Mzee," alisema, bila kucheka, "njoo unishikie upande wa huku."

"Mimi nimemaliza. Mwite mwenzako."

Haikuwa rahisi kwa Ngusa. Aliangalia chini, akaangalia wenzake, mwisho akaita, "Marwa! Njoo tushike wote." Majaliwa aliwaona wakichuchumaa pamoja, magoti yamekunjwa, kisha akaenda zake getini.

Chiku alishtuka kumwona mchana. Alimfungua kanga mwenyewe, mzunguko mmoja mmoja.

"Nikaifue?" alisema. "Kesho uikute imekauka."

"Ifue," alisema Majaliwa, "kisha uivae wewe."

Chiku akakaa kitandani, kanga mapajani, akielewa kwamba kazi ya kubeba imekwisha. Soksi za mumewe zilikuwa bado miguuni. Akapiga magoti, akaanza kumvua.