Sitaha ya Msaji

Mtu baki akinigeuka namsahau upesi. Aliyenigeuka mimi alikuwa shemeji yangu, tena niliyemtafutia kazi mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Hajji mmoja, mfanyabiashara wa Mbeya, alikuwa na motaboti ya kubebea mpunga Ziwa Nyasa. Sitaha yake ilikuwa ya mbao za msaji, imelika kwa kuburutiwa magunia. Aliniambia, "Ukiitengeneza ikakaa sawa, wewe ndiye fundi wa chombo hiki maisha yako yote." Nami nilikuwa nimechoka kutangatanga na boksi la vyombo. Nikamwita shemeji kutoka Kihesa, alikokuwa akichonga mabenchi ya kanisa. Akaja na mkewe, mdogo wangu wa tumbo moja, awe anatupikia.

Niliikagua sitaha nimepiga magoti, ubao kwa ubao. Skrubu zake zilifukiwa ndani ya mti, juu yake kikagongewa kizibo cha mti uleule. Ukitaka kujua ubao umebaki unene gani, ng'oa kizibo utazame. Vingine vilikuwa vyembamba kama ukucha. Nikamwambia shemeji, "Randa isiguse hapa. Mbao nilizotia chaki tutazibadilisha. Nyingine tutazamisha skrubu upya, kisha tutie kalafati kwenye viungo, maji yasipenye." Akaitikia vizuri kabisa, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Nikapanda lori kwenda Mbeya kuchukua msaji.

Nilirudi pamoja na Hajji. Njia nzima namsifia shemeji, mjinga mimi!

Tukakuta sitaha inang'aa. Ala! Bwana mkubwa kaipiga randa yote kama meza ya padri. Mtu wa mabenchi huyo, akiona mti umechakaa mkono unamwasha. Vizibo vilikuwa vimekwisha, vichwa vya skrubu viko nje, chaki yangu haionekani. Hajji akakanyaga ubao karibu na injini, ukalia, ukapasuka.

"Nani kasema ipigwe randa?"

Shemeji hakupepesa hata jicho. "Huyu hapa, Hajji. Yeye aliagiza, mimi nimefuata."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa sababu shahidi nilikuwa naye. Nilipotoa yale maagizo mdogo wangu alikuwa amekaa palepale anachambua mchele. Nikamwambia, "Haya mama, mwambie Hajji nilisema nini."

Akamtazama mumewe. Akainamisha kichwa. "Kaka alisema ipigwe randa."

Hajji hakugomba. Aliniambia nichukue vyombo vyangu nirudi na lori lilelile, na shemeji akabaki amalizie kazi kwa msaji niliouchagua mimi.

Nilipokuwa nafunga boksi langu, mdogo wangu akanifuata, machozi yanamtoka. "Nisamehe kaka. Yule angenirudisha nyumbani na mimba hii. Wewe huwezi kunifukuza."

Alisema kweli. Miaka yote iliyofuata, kila alipokuja kwangu Mbeya, nilimpokea mzigo, nikamuuliza habari za watoto, nikamtandikia mkeka. Ila akishaingia jikoni kutupikia, mimi nilivaa viatu nikaenda kula hotelini.