Bomba Kwanza

Mama anayeuza vipuri vya pikipiki za theluji hapa mjini kwetu, chini ya milima ya Idaho, huongea polepole huku akisugua kaunta hata ikiwa safi. Anayeanza kuziendesha milimani akija na pesa kidogo, akitaka bomba la moshi lingurumalo, yeye humwekea mbele beleshi na redio ya kuvaa kifuani, ya kumtafutia aliyefukiwa na theluji.

"Mama, unauza au unafukuza wateja?" kijana mmoja anayeanza, Colter, alimtania juzi. "Hivyo vifaa vya kuokolea nitanunua mwakani."

"Mwenzako naye alisema mwakani. Poromoko la theluji likamfukia. Pikipiki tuliipata siku ileile. Yeye tulimpata Mei, theluji ilipoyeyuka."

Colter akachukua bomba hata hivyo. Mama alimfungia bomba lake vizuri, akamwomba aandike namba ya simu ya mzazi wake.