Picha ya Kuombea Skuli

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, mama aliponiogesha mchana wa siku isiyokuwa sikukuu, akanitia wanja na kunivika gauni langu la Idi.

"Mama, tunakwenda harusini?"

"Tunakwenda kupigwa picha."

Neno kupigwa lilinitisha. Mimi nilijua kupigwa kwa chuoni tu, tulikosoma Kurani, kwa bakora, nikaanza kufikiri nimekosa nini.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Konde, uani kwa Mhindi muuza vitambaa. Nilikuta wanawake wa kwetu wamejaa, kila mmoja na binti yake. Mke wa mwenye duka alikuwa amesimama karibu na kamera yenye miguu mitatu. Mumewe alimfundisha kuitumia, na yeye ndiye aliyekubaliwa atupige, maana hakuna mama ambaye angevua buibui mbele ya mwanamume.

Sababu yenyewe nilielezwa baadaye. Mama na wenzake walikuwa wanaomba skuli ya wasichana. Walituma maneno mara mbili kwa Mudiri, ofisa wa serikali aliyekaa Wete, na jibu likarudi kwamba wanawake wa Pemba wenyewe hawataki watoto wao wa kike wasome. Mke wa mwenye duka akawaambia, kama maneno yenu hayaaminiki, pelekeni sura zenu.

Bibi mmoja alikataa kukaa. "Anayepiga mwanamke, sawa. Huko inakokwenda, atakayeitazama si mwanamume? Sasa tunajificha nani asituone?"

"Mie nataka anione," mama akamjibu. "Akishaniona hatasema tena kuwa sitaki."

Yule bibi alifikiri, akajitanda vizuri, akakaa. Niliwatazama wote wawili nikaona kila mmoja ana haki.

Mama zetu walikaa mbele juu ya majamvi, sisi tukasimama nyuma yao. Nilikuwa upande wa kulia kabisa pamoja na shoga yangu, msichana wa nyumba ya jirani, tumeshikana mikono. Yeye alikuwa yatima, akilelewa na ami yake.

"Msitikisike mpaka nihesabu tano," akasema mke wa mwenye duka.

Alipofika tatu, mlango wa ua uligongwa kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya ami wa shoga yangu, anamwita kwa hasira. Mkono wake ukachomoka mkononi mwangu. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapovurugika. Siku nyingine najiona nimesimama tuli, nakitazama kioo cha kamera. Siku nyingine najiona namkimbilia nyuma mpaka mlangoni.

Picha ikapelekwa Wete kwa gari la abiria. Miezi iliyofuata, mtu mmoja hakumjibu baba salamu yake. Mwingine alimshika mkono akampongeza. Baba mwenyewe alishinda kutwa hamsemeshi mama, kesho yake akamuuliza, "Hawajajibu tu?" Sikujua kama tumefanya jema au tumetia aibu.

Hatimaye skuli ikakubaliwa, vyumba viwili katika nyumba ya kupanga. Karani wa Mudiri alikuja na picha yetu, akawa anaandikisha wasichana waliomo.

"Huyu hayumo," akasema, ananitazama mimi.

Mama akaichukua picha, akaweka kidole upande wa kulia, penye ukungu mweupe kama moshi wenye miguu. "Huyu hapa. Alitikisika."

Karani aliisogeza picha kwenye mwanga, akanitazama tena, akaandika jina langu.

Shoga yangu hakuandikwa. Hakuna aliyemtaja, hata mimi. Ukungu ulikuwa mmoja, sisi tulikuwa wawili. Kama nilisimama tuli, mbona uso wangu haumo? Na kama nilikimbia, ukungu ule ni mimi au ni yeye?

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama alijuaje kuwa ni mimi.

"Nilikuwa nimekupa mgongo, mwanangu. Sikujua. Nilisema tu."

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha nilikuwa nimeshakuwa mwalimu. Nilikwenda Ole, alikoolewa shoga yangu, nikamkuta anaanua mihogo mikavu. Niliitoa picha ile, ambayo karani alimwachia mama, nikamuuliza moja kwa moja.

Aliitazama kidogo tu. "Huyu weye. Mie nilishatoka."

"Una hakika?"

"Nimekwambia mie nilishatoka."

Alisema upesi mno. Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Nilitaka kumuuliza tena, lakini alikuwa ameshamwita binti yake, kamsimamisha mbele yangu, anamfuta unga wa muhogo mashavuni.

"Huyu mtamchukua lini skuli?"

Mtoto alikuwa hana meno ya mbele. Nikasema mwakani, inshallah.

"Mwakani mbali," akasema. "Mchukue sasa."

Nikamchukua.