Rauha na Skrubu Sita za Muda

Jua halijatoka, na Rauha Niskanen ameshakaa na kuinuka mara nyingi. Ananoa, anazima mashine, anachungulia barafu dirishani, anarudi, anawasha tena. Cheche zinaruka kutoka kwenye jiwe la kunolea na kuzimikia kwenye aproni yake ya ngozi. Kahawa imepoa juu ya kabati, pembeni ya mkate wa iliki alioung'ata mara moja tu.

"Rauha, unanoa au unasali?" anafoka Gus Maki mlangoni. Gus ni dereva wa gari la kuzoa theluji na mlinda lango wa timu ya hoki ya wazee.

"Nakuombea akili. Kaa chini."

"Nikikaa sitainuka. Magoti yangu unayajua."

Rauha, mwenye miaka hamsini na miwili, ndiye mnoaji pekee katika uwanja huu wa barafu mashariki mwa mji wa Thunder Bay, nchini Kanada. Watu wa hoki ndio wanaomlisha, dola kumi na tano kwa jozi. Lakini viatu vinavyomnyima usingizi ni vya wale wanaoruka na kuzunguka kwa muziki. Kwa hao kunoa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchagua bapa, kile chuma kirefu kinachofungwa chini ya kiatu.

"Watu wanadhani bapa ni bapa," ananiambia mimi niliyekuja kuandika habari zake, akitupa matatu mezani. "Hili lina unene mmoja mwanzo mpaka mwisho. Hili limebanwa kiunoni, ni jepesi, tena mkia wake ni mrefu, unakushikilia unapotua kinyumenyume. Hili limekatwa mkia. Ukimfunga mtu bapa lisilo lake, atalaumu miguu yake mpaka aache mchezo."

Hilo la mkia mfupi ndilo lililozua ugomvi asubuhi hii.

Delphine Bressan, miaka kumi na mitano, anaingia akiburuza begi. Nyuma yake ni mama yake, Loretta, amekumbatia boksi jipya. Ndani yake mna mabapa yaliyobanwa kiunoni, yenye mkia mrefu, ya warukaji. Loretta ameyanunua bila kumuuliza mtu.

Delphine hayataki. Anataka kuacha miruko na kuingia kwenye dansi ya wawili na mwenzake, Mikael Stanko. Wacheza dansi huteleza wamegandana, goti kwa goti, na mkia mrefu hunasa kwenye mguu wa mwenzako mkaenda chini wote. Kwa hiyo wao hufunga mkia mfupi.

Mama anaamini mambo mengine. Februari binti yake aliruka mruko wa mizunguko miwili, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo ndipo neno dansi lilipoanza kusikika nyumbani.

"Yafunge haya," Loretta anasema. "Kaza skrubu zote, leo leo."

"Mama, nimeshasema."

"Umesema unaogopa. Hujasema umechagua."

Kisigino cha Delphine kinagonga sakafu, kinagonga, kinagonga.

Rauha anachukua bisibisi, anairudisha, anaichukua tena. Mafundi wa kazi hii wana desturi yao. Bapa jipya hufungwa kwanza kwa skrubu chache za muda, kwenye matundu marefu yanayoruhusu kulisogeza unywele mmoja kushoto au kulia. Mwenye kiatu hulijaribu siku kadhaa. Likimkubali, ndipo soli hutobolewa kwa keekee, ile mashine ya kutoboa, ili zipite skrubu za kudumu. Soli ni ngozi. Kila tundu jipya linaichosha, na kiatu kilichotobolewa ovyo hunywa maji kikaoza.

"Za kudumu sifungi leo," anasema. "Hata angekuwa mwanangu."

"Chumba hiki ni cha klabu, Rauha."

Si maneno ya hewani. Loretta ni mweka hazina wa klabu, na mkataba wa chumba hiki hujadiliwa kila Novemba.

"Najua," Rauha anajibu. "Na keekee ni yangu."

Gus anatazama dari kama mtu anayehesabu taa.

Tena Rauha hakuwa upande wa binti. Anamgeukia na kumwambia usoni: "Mimi pia nadhani unakimbia, mwanangu. Nimekimbia kiwanda cha karatasi, nimekimbia hoteli, nimekimbia mume. Mtu anayekimbia namjua anavyosimama."

"Basi hunijui, anti."

Rauha anafungua mabapa ya zamani ili aweke mapya. La kulia analisogeza kwenye taa. Analigeuza. Analisogeza tena.

Mbele ya kila bapa kuna meno, na jino la chini kabisa ndilo linalokwaruza barafu mtu anapojirusha juu. Mashine ya Rauha haigusi meno hayo. Mwezi Agosti, alipoyanoa mabapa haya mara ya mwisho, jino hilo lilikuwa na ncha. Sasa ni butu, linang'aa kama kijiko.

"Wewe umekuwa ukiruka," anasema.

"Kila asubuhi," Delphine anajibu. "Mama akishanishusha akaenda kununua kahawa."

"Unaruka nini?" Loretta anauliza.

"Huohuo ulionivunja."

"Muongo."

"Nifungie, anti. Hayohayo ya mama."

Rauha anamfungia, skrubu sita kila kiatu. "Hizi ni za kutelezea tu. Usiniruke nazo. Umenisikia?"

Hakusikia, au alisikia sana. Anazunguka uwanja mara mbili kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, anageuka, anajitupa juu. Mikono kifuani. Mara moja, mara mbili. Anatua kwa mguu wa kulia, kinyumenyume, mkia mrefu umeishika barafu kama ulivyoundwa kuishika.

"Skrubu sita, wewe mtoto! Sita!" Rauha anapiga kelele huku akigonga kioo.

"Mimi zangu zote zimekazwa," Gus ananung'unika, "na ngazi tu zinanishinda."

Delphine anakuja mpaka kwenye ukuta wa uwanja, anahema, pua nyekundu. Anamtazama mama yake, si Rauha.

"Naweza," anasema. "Sitaki."

Boksi tupu bado liko mkononi mwa Loretta. Anatoka kwenda garini bila kuaga, na Rauha anaketi, safari hii anakaa kweli. Baadaye aliniambia, "Nilijua nimekosea kuhusu binti. Nikajua na chumba kinaweza kwenda. Nikamfungia binti yale ya mkia mfupi, skrubu sita, nikangoja."

Jumamosi wanarudi wote wawili, mama na binti. Delphine amecheza dansi siku nne juu ya mkia mfupi. Rauha anauliza kama asogeze. Hapana, linakwenda sawa. Anauliza tena, maana keekee ikishapita hakuna kurudi.

Anayejibu ni Loretta, macho yake kwenye soli ya kiatu.

"Kaza zote."

Kuhusu chumba hakusema kitu, na Rauha hakuuliza. Novemba itakuja na majibu yake. Yeye ameshanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, na mashine ya pili imo ndani. Anataka kulipeleka kwenye miji midogo ya barabara ya magharibi, kwa watoto wanaoruka juu ya mabapa waliyorithi kwa binamu zao. Hapa atabaki Jumanne na Jumamosi, wakimtaka.

Gus amelizunguka gari hilo, amepiga matairi teke, ametia kichwa ndani.

"Hii mashine yako inacheza, Rauha. Hujaikaza?"

"Nimeifunga kwa za muda," anasema, akiwa ameshaketi kwenye usukani. "Kwanza nione inavyokwenda."